Mguu wa Mkwe Wangu na Sahani ya Kijani

Mwaka ambao mkwe wangu alikaribia kukatwa mguu ni ule mwaka tuliokula mgongo wazi mpaka paka wakakosa kazi. Mgongo wazi ni mifupa ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, inayobaki baada ya kiwanda kuchukua minofu yote. Inakaangwa kando ya barabara, na mtu anaifyonza kuanzia kichwa hadi mkia. Omena, dagaa wetu, ilikuwa imepotea ziwani. Unga wa mahindi ulikuwa umepanda bei hata walimu wa Migori mjini, wale wanaocheka ugali wa rangi, wakawa wanasonga mtama na muhogo kama sisi watu wa Muhuru Bay. Usiniulize tarehe. Niulize tulikuwa tunakula nini, nitakuambia mwaka.

Nawaandikia nyinyi watoto mnaoanza kukusanya sampuli wodini, nyinyi wenye glavu za rangi ya bluu na simu inayowaambia la kufanya. Mimi shule niliiachia darasa la nne. Sioni aibu. Jina kwenye chupa nalisoma, langu naliandika, na nimeomba watu makohozi, mkojo, choo na usaha kuanzia Homa Bay mpaka mpakani Isebania, na wengi walinipa wakicheka. Waulize wanaojidai kama wamewahi kumfanya mtu acheke akiwa ameshika kikombe cha choo chake.

Hospitali niliingia na ufagio. Nilikuwa nafagia wodi ya wanaume, napiga deki, naondoa ndoo. Kisha wakaja watu wa utafiti. Walitaka kujua ni bakteria gani wanaoishi kwenye vidonda, vifua na matumbo ya wagonjwa wetu, na ni wepi ambao hawaogopi dawa tena. Kazi nzuri. Shida ni kwamba vijana wao walikuwa wanamwendea mama wa Nyatike na maneno ya kitabuni, mama anaitikia ndiyo, ndiyo, halafu akipewa kikombe anatoroka nacho, na kesho yake unakiona kikombe kinapimia sukari sokoni. Siku moja nikaweka ufagio chini nikamweleza mgonjwa mmoja kwa Dholuo, lugha yetu Wajaluo, ni nini kinachotakiwa na kinaenda wapi. Akatoa. Wa pili naye nikamweleza kwa Kikuria changu cha sokoni. Akatoa pia. Ufagio sikuurudia.

Aliyenifundisha ni Marwa, fundi wa maabara, Mkuria mrefu ambaye akikucheka husogeza nyusi tu. Alianza kwa kunitia jikoni. Ndiyo, jikoni. Bakteria hawaonekani kwa macho mpaka uwapikie, wale, wazaane, wajae kwenye sahani kama upele. Marwa alisema ni kama wageni wa harusi, usipowapikia kitu wanachokipenda hawatokei. Kile chakula chao ni unga, unauchanganya na maji, unaupika kwenye sufuria kubwa ya mvuke, halafu unangoja. Hapo kwa kungoja ndipo watu wanapoharibu. Ukimimina ikiwa bado moto, kifuniko cha sahani kinatoa jasho, matone yanaanguka, na bakteria wote wanaogelea pamoja hujui nani ni nani. Ukichelewa, inagandia ndani ya chupa kama uji wa jana. Wakati wake ni pale unapoweza kuiegemeza chupa kwenye shavu bila kulia. Sahani zangu za kwanza zilikuwa na mapovu kama busaa. Za pili nilizifungua karibu na dirisha kwa sababu nilikuwa nasikia joto, zikaota ukungu mweusi wenye manyoya. Marwa akaziangalia, akasogeza nyusi. Akaniuliza kama nimeamua kufuga kondoo.

Nilijifunza. Nikamimina sahani laini kama maziwa yaliyolala. Mpaka leo nikipita mahali nikaona mtu anamimina kitu haraka, mkono unaniwasha.

Sasa, vikombe. Hapa sikilizeni vizuri kwa sababu hakuna mashine itakayowasaidia. Homa Bay nilikuwa na mama mmoja kutoka Mfangano, mama wa kanisa, msafi hata kitanda chake cha hospitali alikipangusa kabla hajalala. Tumbo lilikuwa linamsumbua. Nikampa kikombe cha choo, akakipokea kwa mikono miwili. Akakirudisha kimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Tukapanda kwenye sahani. Hakuna kitu kilichoota. Tukapanda tena, wapi. Marwa akasema huyu mama ni malaika au kuna jambo. Nikaenda nikaketi naye. Akaniambia polepole, akiona haya, kwamba asingeweza kunipa mimi mtu mzima kitu kichafu namna ile, kwa hiyo kabla ya kunipa alikitia dawa ile ya kung'arisha nguo nyeupe. Heshima yake iliwaua bakteria wote, wazuri na wabaya. Tangu siku hiyo, kila kikombe nilikitoa na maneno yake: usioshe, usiongeze, usipambe.

Na mate si makohozi. Mzee anakupa kikombe kimejaa povu kwa sababu anataka kukufurahisha. Mshukuru, umwambie akohoe kutoka chini, kama anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Asubuhi, kabla hajanywa chai.

Na kidonda, usichukue usaha ulio juu. Ule wa juu ni kama watu waliosimama nje ya kilabu, wanaongea sana lakini sio wenye mji. Osha kidonda kwa maji ya chumvi safi, ufute, halafu uzungushe kijiti cha pamba kwenye nyama iliyo hai, ukikandamiza mpaka itoe maji yake. Mgonjwa atakutukana. Mwache akutukane.

Lakini kabla ya hayo yote kuna kuomba. Usiombe ukiwa umesimama na sinia mkononi, utafanana na mtu aliyekwisha kuamua. Weka sinia nje. Keti. Muulize alikotoka, muulize amekula nini. Mwambie unachotaka na kinaenda wapi, maana watu wetu hawaogopi sindano, wanaogopa kitu cha mwili wao kwenda mahali wasipopajua. Waliokuwa na wasiwasi sana nilikuwa nawapeleka maabara, wale wanaoweza kutembea, nawaonyesha sufuria ya mvuke ambamo sahani zote zinachemshwa zikishasomwa mpaka kisibaki chochote kilicho hai. Mtu akiona sufuria, anatulia. Sufuria anaifahamu. Na akisema hapana, ni hapana. Unamshukuru na unaenda. Hilo Marwa alinifundisha kabla hata ya kunifundisha kuvaa glavu.

Basi, mkwe wangu.

Binti yangu Akoth ameolewa upande wa Macalder, na mume wake, Omondi, anachimba dhahabu. Wanashuka kwa kamba kwenye shimo jembamba wanatoa mawe. Mwaka ule wa mgongo wazi jiwe lilimchana paja, juu kabisa, karibu na kiuno. Akalifunga na kitambaa akaendelea na kazi. Mimi sikuambiwa. Kidonda kikaoza, homa ikapanda, wakamleta hospitali Migori. Na kwa kuwa mimi wakati huo kituo changu kilikuwa Homa Bay, wao wakahesabu kwamba wamenikwepa. Hata hivyo Omondi hakutaka kubahatisha. Akajiandikisha kwa jina la ubatizo alilopewa na Wasabato, Barnabas, jina ambalo hata mama yake mzazi alikuwa amelisahau.

Wiki hiyo mwenzetu wa Migori aliugua, nikaitwa kushika nafasi yake; Marwa alikuwa tayari huko, maana maabara zote mbili zilikuwa chini yake.

Daktari Wambui, aliyekuwa mkubwa wetu wa utafiti, msichana wa Nyeri, mkali lakini mwenye moyo safi, aliniambia asubuhi kuna mtu kitanda cha dirishani, mchimba dhahabu, dawa anayopewa haifanyi kitu. Mpasuaji amesema tusipojua kinachomla ni nini, mguu utatoka. Kuna dawa nyingine kali wataijaribu kwa kubahatisha saa sita mchana, kwa hiyo pamba ichukuliwe kabla ya hapo, kwa sababu ikishaingia dawa ndani, sahani inaweza kuanza kudanganya. Nikamwambia hiyo ni ndogo.

Nikaenda. Sinia nikaiacha mlangoni. Nikaketi kwenye kistuli. Mtu amejifunika shuka kuanzia utosini hadi vidoleni kama aliye tayari kuzikwa. Nikamsalimia. Kimya. Nikamuuliza amekula nini. Kimya. Nikamweleza habari ya pamba, habari ya sahani, habari ya sufuria. Kimya, ila shuka inatetemeka. Nikasema basi ni homa. Nikamweleza tena. Alipozidi kunyamaza, nikaanza kumsema, kwa sababu wanaume wengine ukiwasema wanazinduka. Nikamuuliza ni mwanamume wa namna gani anayening'inia kwenye kamba ndani ya shimo la giza halafu anaogopa pamba. Nikamuuliza kama mke wake ameolewa na yeye au ameolewa na shuka. Mzee wa kitanda cha pili akawa anashika mbavu zake.

"Muongeze, Nyar Muhuru," akasema. "Huyo hajaoga tangu Jumapili."

Nyar Muhuru ndiyo mimi, binti wa Muhuru. Wodi zote zilinijua hivyo.

Nikaanza kuogopa kwamba labda mtu amezimia ninamsemesha tu. Nikashika pindo la shuka upande wa miguu, nimguse kidole. Hapo Akoth akaingia, na chupa ya uji mkononi. Alisimama kama aliyemwagiwa maji.

"Mama," akasema, "wacha hiyo shuka. Huyo ni Omondi."

Kwa nyinyi ambao hamkuzaliwa kwetu, ngojeni niwaeleze. Kwetu Wajaluo mama mkwe na mume wa binti yake wana heshima yao. Hatuguswani. Hatulali chini ya paa moja. Kitanda changu hakijui, chake sikijui. Kuona mwili wa mkwe wako ni jambo ambalo watu wanaacha kusalimiana kwa ajili yake. Na mimi nilikuwa nimeshika shuka yake, nimemwambia mbele ya wodi nzima kwamba anaogopa pamba.

Niliiachia ile shuka kama kaa la moto, nikageukia ukuta. Nyuma yangu ikatoka sauti nyembamba, ya mtu anayeongea akiwa ameuma nguo.

"Akoth, msalimie mama."

"Akoth, mwambie nimesalimika," nikajibu ukuta.

"Muulize kama Homa Bay wako wazima."

"Wote wazima."

Mzee wa kitanda cha pili alikuwa anatutazama kama anayetazama mpira. Akaniuliza, akiniita mama mkwe kwa Kijaluo, "Maro, na huo ukuta nao una kidonda?"

Daktari Wambui alikuja kuuliza kwa nini pamba haijachukuliwa. Nikamwambia. Alisikiliza, kisha akafanya kama wanavyofanya waliosoma wakiwa na haraka, akatafuta njia fupi. Akasema hapa hakuna mkwe, hapa kuna mgonjwa na kuna mfanyakazi, na bakteria hawajui nani amemwoa nani.

"Daktari," nikamwambia, "yako ni kweli. Mwingine atamfanyia. Huo mguu siutazami."

Hakuwa mtu wa kubishana na mwenye mvi. Akasema sawa, pamba ataichukua yeye mwenyewe. Akavuta pazia akaingia. Muda kidogo akatoka na kijiti kikavu. Omondi amekataa. Na hakukataa kwa sababu ya daktari. Alimwambia hivi, nami nilisikia kila neno kwa sababu pazia la hospitali ni nguo tu:

"Hiyo maji ya mguu ikienda kwa sahani, ni yeye atakuwa anaiangalia. Si ni yeye hupikia hizo vitu? Itaota hapo, ataifungua, ataona vile niko ndani. Hiyo ni mbaya kuliko kuniona uchi. Wakate mguu."

Daktari alishangaa. Mimi sikushangaa. Nilijua mwanaume huyo hakuwa mjinga. Alikuwa amefikiri mpaka mwisho wa jambo, mahali ambapo sisi wenyewe wa maabara hatukuwa tumefika. Kile kinachoota kwenye sahani kimetoka kwake. Ni chake au si chake? Ni yeye au si yeye? Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nikatoka nje nikasimama karibu na mfereji. Akoth akanifuata. Huyu binti yangu si wa kulia ovyo, akilia anakasirika, na siku hiyo alikuwa amekasirika kabisa. Aliniuliza nani atapanda juu ya paa yake bati likitoboka. Aliniuliza mtu wa mguu mmoja anashuka vipi kwenye shimo la Macalder, na watoto watasoma kwa pesa gani. Akasema nyinyi wawili mna heshima tamu sana, mtaniachia kilema mle heshima yenu.

"Ingia tu, Mama," akasema. "Fungua hiyo shuka, umwangalie mara moja, aibu iishe. Ikishaisha hana tena cha kukatalia. Mimi nitanyamaza mpaka nife."

Niwaambie ukweli, nilikaribia kuingia. Ni mtoto wangu. Na dakika zilikuwa zinaenda kuelekea saa sita. Lakini nilimwona yule kijana pale ndani, homa inamchemsha, mguu unanuka, jina lake mwenyewe amelificha, kitu kimoja tu ndicho alichobaki nacho mkononi, ile shuka. Nikimnyang'anya, atapona aende wapi? Uwanja wangu hataukanyaga tena, na watoto wake watakuwa wanakuja kwangu bila baba. Halafu kuna hili: hakuwa amesema ndiyo. Kwa mgonjwa mgeni nisingefanya. Kwa mkwe ndiyo nifanye?

"Huo mguu siutazami," nikamwambia Akoth. "Twende tukaongee."

Tukarudi. Nikaweka kistuli upande huu wa pazia, mgongo kwa pazia, uso kwa ukuta wangu. Akoth akasimama katikati, mguu mmoja kwake, mguu mmoja kwangu.

Nikamwambia Akoth amwambie mwenye kitanda kwamba waliomo kwenye kidonda chake si yeye. Ni wezi. Waliingia na lile jiwe wakajifungia ndani ya nyumba yake, wanakula chakula chake. Anayekuja kumtoa mwizi haji kutazama kitanda cha mwenye nyumba.

Akoth akageuka akasema. Sauti ikajibu kwamba mwizi akikaa sana kwa nyumba anajua siri za nyumba.

Nikasema huyu angekuwa wakili.

Nikamwambia Akoth amwambie hivi: sahani yake sitaipika mimi, zimo zilizomiminwa na Marwa. Sahani yake sitaifungua. Ikiota, sitaisoma. Marwa ataipeleka kwenye sufuria kwa mkono wake. Chupa yake nitaibeba ikiwa imefungwa kwenye karatasi, niione karatasi tu. Ninaapa mbele ya mke wake, mbele ya daktari na mbele ya huyu mzee wa kitanda cha pili mwenye mdomo.

Sauti ikauliza, "Na mguu wenyewe?"

Akoth hakungoja kutumwa. "Amesema mara mbili leo hautazami," akamwambia. "Mimi nimemlilia amekataa. Unataka aseme kwa radio?"

Nikaongeza la mwisho. Nikasema amwambie nikiwa na mkwe wa mguu mmoja nitamheshimu vilevile, sitapunguza hata kidogo, ila yeye ndiye atakayejua namna ya kuniletea ng'ombe waliobaki wa mahari akiruka kama panzi.

Kitanda kikalia nyii. Alikuwa anacheka, na kicheko kilikuwa kinamuumiza. Akasema, sio kwa Akoth, akasema tu hewani, kwamba daktari aje.

Daktari Wambui alifanya kazi. Mimi nilinyoosha mkono nyuma ya mgongo wangu kupitia kwenye pazia, nampa maji ya chumvi, nampa kijiti, nampa chupa, kichwa kimeelekea ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni. Omondi alipiga kelele pamba ilipofika mahali pake. Nikajua kwamba daktari anachukua vizuri. Mzee wa kitanda cha pili akamwambia mkwe wangu asione haya, mwenyewe amelia zaidi kwa jino. Chupa ikaja mkononi mwangu ndani ya karatasi, na dawa ya kubahatisha ikaingia kwenye dripu.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa naingia maabara na sinia ya sahani mpya. Marwa ameshafungua kabati la joto, ananipa mgongo. Sikuwa nimefika mezani. Ile harufu ilinikuta mlangoni. Tamu, kama zambarau zilizoiva mpaka zikaanza kuchacha. Ukishainusa hiyo mara moja hutaisahau hata kaburini.

"Marwa," nikasema nikiwa nimesimama papo hapo, macho juu darini, "hiyo ni ya kijani."

"Umetazama," akasema.

"Nimenusa."

"Uliapa."

"Niliapa macho."

Akasogeza nyusi, nadhani. Mimi nilikuwa natazama dari. Siku hizi kunusa sahani ni marufuku, na ni sawa, kuna bakteria ukiwavuta puani wanahamia kwako. Msinuse. Mna mashine ndogo inayowapiga mwanga inawataja kwa majina kabla chai haijapoa, na mimi naipenda mashine hiyo, ila haijui kucheka. Sisi tulikuwa tunapanda, tunangoja, tunapanda tena, na jina alilitoa Marwa kwa vipimo vyake, si kwa pua yangu. Lakini alikuwa yule wa kijani kweli, bakteria anayeipaka sahani rangi ya kijani, yule anayependa vidonda vyenye maji na anayecheka dawa za kawaida.

Kisha Marwa akapanga vile vikaratasi vya mviringo juu ya sahani, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Dawa inayoua inaacha duara tupu kukizunguka kikaratasi, kama uwanja uliofagiliwa. Dawa iliyoshindwa, bakteria wanaota mpaka wanaikumbatia. Siku ya kusoma nilikaa nje kwenye ngazi. Marwa alikuja mlangoni akasema ile dawa ya kwanza ya wodini haina duara hata la kupitisha uzi, na ile ya kubahatisha ni hivyo hivyo. Ipo moja tu yenye duara kubwa. Akauliza kama nataka kuona.

"Nieleze," nikamwambia. "Usinionyeshe."

Dawa ilitafutwa, ikapatikana. Homa ikashuka. Akoth alikuwa ananiletea habari kama za mtoto mchanga: leo kimekauka pembeni, leo nyama ni nyekundu, leo ameomba mgongo wazi na akafyonza kichwa chote. Mpasuaji akaenda kukata watu wengine. Omondi akatoka hospitali kwa miguu yake yote miwili, na alipopita karibu yangu kwenye veranda aliangalia chini, nami nikaangalia mbali, tukaelewana kabisa.

Kazi iliendelea miaka mingine mingi. Nilifundisha wengi, baadhi yao ndio wanaowafundisha nyinyi sasa. Mwaka nilioacha ni ule omena ilipojaa Muhuru Bay mpaka watu wakaikausha juu ya makaburi. Wakaniandalia sherehe kwenye ukumbi wa hospitali, keki, soda, nguo mpya, na Marwa mwenyewe amekuja na fimbo. Akoth alikaa na mimi mbele. Omondi alikaa mwisho kabisa, karibu na mlango, kama inavyotakiwa.

Daktari Wambui, sasa mwenye miwani na mvi zake, alikuwa anaonyesha picha ukutani za kazi yetu. Sufuria ya mvuke. Mimi na glavu za kwanza, kubwa kama za bondia. Watu wanapiga makofi. Kisha akasema picha inayofuata ni ya mgonjwa aliyekuja mwenyewe kuiruhusu, ni mguu, upande mmoja siku ile ya pamba na upande mwingine ulivyo leo, na kwamba kwa kazi yote ya Nyar Muhuru hakuna picha aliyotaka niione kama hii. Niliona kona ya kitanda na dirisha, basi. Nikavuta kitambaa cha kichwa nikafunika uso.

Ukumbi ukaanza kucheka, kisha ukageuka, kwa sababu nyuma kuna mtu amesimama. Nilisikia kiti.

"Akoth," Omondi akasema kutoka mlangoni, "mwambie mama, leo mimi mwenyewe nimekubali. Aangalie. Ni kazi yake hiyo."

"Nyar Muhuru," Marwa akasema kando yangu, "leo hakuna harufu. Itabidi utumie macho."

Walicheka. Mimi nilikuwa ndani ya kitambaa changu, nacheka na nalia, na Akoth ameshika mkono wangu anaubana, anangoja nimpe maneno ya kupeleka.

Nikamwambia amwambie mwenye mguu nimemshukuru. Amwambie huo mguu na auvalishe viatu vizuri, autembeze mpaka azeeke nao, na uwanja wangu aukanyage nao siku yoyote atakayo, kuku yupo. Amwambie niliusikia ukilia, niliunusa ukiota, nikausikia ukitembea kwenye veranda, na hayo yamenitosha.

"Na picha, Mama?" Akoth akauliza.

"Huo mguu siutazami."